Petroli isiyo na ethanoli katika gari la michezo: Mambo ya kujua kabla ya kuvuka mpaka kuingia Malawi

Dereva anayetoka Mbeya, akavuka mto Songwe katika mpaka wa Kasumulu na kujaza tangi lake mjini Karonga, habadilishi sarafu peke yake. Huenda amebadilisha pia aina ya mafuta yanayoingia katika injini yake. Malawi imekuwa ikichanganya petroli na ethanoli ya miwa tangu mwaka 1982, na ni miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kuufanya mchanganyiko huo kuwa jambo la kawaida la kila siku.

Kwa wenye magari mengi mabadiliko hayo hayana athari ya kuonekana. Lakini kwa mwenye gari la michezo, hasa lile la zamani lenye kabureta au lile lenye tabo lililoagizwa kutoka Japani, tofauti hiyo yaweza kuwa chanzo cha injini kukosa nguvu, mpira wa mafuta kupasuka, au, katika hali mbaya zaidi, gari kushika moto barabarani. Makala haya yanaeleza ethanoli hufanya nini ndani ya gari la namna hiyo, ni lini petroli isiyo na ethanoli inafaa kutafutwa, na ni lini kuitafuta ni kujidanganya.

Ethanoli ni nini, na kwa nini imo katika petroli?

Ethanoli ni kileo, kile kile kinachopatikana katika pombe, ila kimekaushwa hadi karibu maji yote yakatoka. Katika nchi zetu hutengenezwa hasa kwa molasi, yaani uji mzito mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa katika maji ya miwa. Marekani hutumia zaidi mahindi, na Brazil hutumia miwa.

Mafuta yaliyochanganywa hupewa jina kwa herufi E na tarakimu. E10 ni petroli yenye ethanoli asilimia 10; E20 ina asilimia 20; E85 yaweza kufikia asilimia 85. Petroli isiyo na ethanoli kabisa huitwa E0.

Serikali huchanganya ethanoli kwa sababu tatu kuu. Kwanza, kila lita ya ethanoli iliyotengenezwa nyumbani ni lita moja isiyonunuliwa kwa fedha za kigeni. Pili, hutoa soko la molasi, ambayo vinginevyo ingekuwa taka ya kiwanda. Tatu, ethanoli huinua oktani, yaani uwezo wa mafuta kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati wake.

Sababu ya kwanza ina uzito wa pekee kwa Malawi. Nchi hiyo haina bandari ya bahari. Mafuta yake hupitia Dar es Salaam, Beira na Nacala. Katika miaka ya karibuni uhaba wa fedha za kigeni umesababisha foleni ndefu katika vituo vya mafuta vya Lilongwe, Blantyre na Mzuzu. Katika hali kama hiyo, kiwanda cha ethanoli cha Dwangwa, kilichoko wilaya ya Nkhotakota kandokando ya ziwa, na kile cha Chikwawa katika bonde la Shire kusini mwa nchi, ni sehemu ya usalama wa nishati ya taifa.

Nchi jirani zinatofautianaje?

Nchini Malawi, kiwango cha mchanganyiko kimekuwa kati ya asilimia 10 na 20 kulingana na kipindi, na kile kinachofika pampuni hutegemea pia upatikanaji wa ethanoli. Maana yake ni kwamba tangi la leo laweza kuwa na ethanoli nyingi kuliko lile la mwezi uliopita, hata likijazwa katika kituo kile kile.

Zimbabwe ilianza mapema zaidi, mwaka 1980, kwa kiwanda cha Triangle katika eneo la mashamba ya miwa la kusini mashariki. Mpango huo ulikatika mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya ukame mkali kuathiri miwa. Kiwanda kikubwa cha Chisumbanje kilipoanza kazi mwaka 2011, mchanganyiko ulirudi, na mwaka 2013 ukawa wa lazima kwa sheria. Tangu hapo kiwango kimekuwa kikipanda na kushuka, na kuna nyakati kimefikia asilimia 20.

Kenya iliwahi kuuza petroli iliyochanganywa na ethanoli ya Muhoroni katika miaka ya 1980, kisha ikaacha. Uganda ilipitisha sheria yake ya nishati za mimea mwaka 2020 ili kufungua njia ya uchanganyaji. Tanzania haina agizo la kitaifa linalolazimisha kila lita ya petroli ichanganywe. Kwa hiyo dereva aliyezoea mafuta ya Tanzania hukutana na tofauti mara anapovuka kwenda kusini.

Kwa nini gari la michezo lipewe uangalifu wa pekee?

Injini ya gari la michezo hufanya kazi karibu na ukomo wake. Mgandamizo wake ni mkubwa, joto lake ni kali, na katika magari yenye tabo hewa husukumwa ndani ya silinda kwa nguvu kuliko injini ya kawaida inavyoivuta. Kosa dogo katika uwiano wa mafuta na hewa, ambalo gari la kubebea familia lingelivumilia, laweza kuyeyusha pistoni ya gari la michezo.

Hapo ndipo kemia inapoingia. Petroli halisi huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili kilo moja ya mafuta iungue yote. Ethanoli, kwa kuwa tayari ina oksijeni ndani yake, huhitaji takriban kilo 9 tu. Injini iliyopimwa kwa petroli tupu ikipewa E10, mchanganyiko wake huwa na upungufu wa mafuta wa karibu asilimia 4. Ikipewa E20, upungufu hukaribia asilimia 8.

Gari la kisasa lenye sensa ya oksijeni katika ekzosi hugundua upungufu huo. Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, huongeza muda wa injekta kufunguka na mambo hurudi sawa. Lakini magari mengi ya michezo ya miaka ya 1990 yana udhaifu mmoja usiojulikana na wengi: dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho, kompyuta huacha kuisikiliza sensa na kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani. Jedwali hilo liliandikwa kwa petroli ya Japani ya enzi hizo. Kwa hiyo, wakati ule ule ambapo injini inahitaji mafuta zaidi, ndipo marekebisho yanapokosekana.

Haki itendeke kwa ethanoli pia: oktani yake ya juu na ubaridi inaoleta inapogeuka mvuke hupunguza hatari hiyo kwa kiasi. Ndiyo maana magari mengi hutembea kwa E10 miaka mingi bila tatizo. Katika E20, hata hivyo, kinga hiyo haitoshi kumfanya mwenye gari alale usingizi bila kumwona fundi.

Kwa gari lenye kabureta hakuna kompyuta wala sensa ya kusahihisha. Dalili huonekana mapema: injini hugoma kuwaka asubuhi, husita unapokanyaga mafuta ghafla, na hupata joto kupita kawaida kwenye milima. Tiba ni fundi kubadilisha jeti za kabureta ziwe na tundu kubwa kidogo. Kuendelea kusukuma gari na kutumaini litazoea si tiba.

Kuna pia suala la matumizi. Lita moja ya ethanoli ina nishati pungufu ya takriban theluthi moja ikilinganishwa na lita ya petroli. Kwa hesabu hiyo, E10 hupunguza mwendo wa tangi kwa karibu asilimia 3, na E20 kwa karibu asilimia 7. Dereva aliyezoea kufika kilomita 400 kwa tangi moja anapaswa kutarajia kituo cha mafuta mapema kidogo.

Mipira, tangi na hatari ya moto

Hatari kubwa zaidi iko katika njia ya mafuta. Ethanoli ni kiyeyushi. Hushambulia mpira wa asili, koki, baadhi ya plastiki na gundi za zamani ambazo zilitumika katika magari ya kabla ya miaka ya 1980. Hula pia zinki, na matangi yaliyopakwa risasi na bati kwa ndani. Katika matangi ya faibaglasi ya zamani, huweza kulainisha gundi inayoshikilia nyuzi, na ute huo ukasafiri hadi kwenye vali za injini.

Mpira wa mafuta ulioathirika huanza kwa kuwa mgumu, kisha hupata nyufa ndogo, kisha hutoa jasho la petroli. Katika gari la injekta, mafuta husukumwa kwa shinikizo kubwa. Ufa mdogo hurusha petroli kama moshi mwembamba juu ya ekzosi yenye moto. Magari mengi ya kale huteketea hivyo, na wamiliki husingizia nyaya za umeme.

Kinga yake ni rahisi na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na gari. Mipira yote ya mafuta ibadilishwe kwa ile iliyotengenezwa kustahimili ethanoli. Kwa magari ya injekta, mipira yenye alama ya 30R9 iliyopigwa ubavuni ni ya daraja linalofaa. Mpira wa maji wa bustani au mpira wa hewa, hata ukiwa na kipenyo sahihi, haufai kamwe.

Ethanoli hufanya jambo jingine katika gari kuukuu: husafisha. Uchafu uliogandia ndani ya tangi kwa miaka 20 hulegea na kusafiri hadi kwenye chujio na jeti. Anayehamia petroli yenye ethanoli kwa mara ya kwanza anashauriwa kubadilisha chujio la mafuta baada ya matangi mawili au matatu, na kubeba jingine la akiba safarini.

Maji: adui wa gari linalolala gereji

Magari ya michezo hayaendeshwi kila siku. Mengi hulala wiki au miezi, na hapo ndipo ethanoli huonyesha tabia yake ya pili: kupenda maji.

Petroli tupu haichangamani na maji. Maji huzama chini ya tangi na fundi anaweza kuyatoa. E10 huyameza maji, lakini kwa kikomo. Katika nyuzi joto 15, huweza kubeba takriban nusu asilimia ya ujazo wake. Kwa tangi la lita 50, hiyo ni kama robo lita. Kikomo kikivukwa, au joto likishuka ghafla kama inavyotokea usiku katika nyanda za Mbeya au katika milima ya Viphya karibu na Mzuzu, mafuta hujigawa. Ethanoli na maji huungana na kuzama chini, mahali pampu inapovutia. Juu hubaki petroli iliyopoteza oktani yake. Injini haitawaka kwa tabaka la chini, na ikiwaka kwa lile la juu, huenda ikagonga.

Ni vyema kuelewa maji hayo hutoka wapi. Unyevu wa hewa huingia polepole sana katika tangi lililofungwa vizuri. Vyanzo vikubwa ni mfuniko wa tangi uliolegea, tangi la kituo linaloingiza maji ya mvua, na madumu. Wakati wa uhaba, petroli inayouzwa kando ya barabara kwa madumu huwa imekaa siku nyingi, imefunguliwa mara kwa mara, na hakuna anayejua kilichoongezwa ndani yake. Kwa gari la michezo, dumu la barabarani ni hatari kuliko ethanoli yenyewe.

Je, petroli isiyo na ethanoli ni bora daima?

Hapana. Hapa ndipo wapenzi wengi wa magari hupotea. Wamesikia kuwa E0 ni safi, wakahitimisha kuwa ina nguvu zaidi. Usafi na oktani ni mambo mawili tofauti.

Ethanoli ina oktani ya karibu 108 kwa kipimo kiitwacho RON, juu kuliko petroli yoyote ya kawaida ya pampuni. Ndiyo maana mbio kubwa za magari duniani zimeikaribisha. Mashindano ya IndyCar ya Marekani yalitumia ethanoli kuanzia mwaka 2007. NASCAR ilihamia E15 mwaka 2011, na Formula 1 ikahamia E10 mwaka 2022. Kampuni ya Koenigsegg ya Sweden ilitengeneza gari lake la CCXR likatoa nguvu farasi 1,018 kwa E85, wakati ndugu yake CCX alitoa 806 kwa petroli ya kawaida. Magari hayo, bila shaka, yalijengwa kwa ajili ya mafuta hayo tangu mwanzo.

Marekani inatoa funzo la upande wa pili. Huko petroli isiyo na ethanoli huuzwa hasa kwa ajili ya boti, mashine za kukatia nyasi na magari ya kale, na mara nyingi oktani yake si ya daraja la juu. Mwenye gari la tabo linalohitaji petroli ya daraja la juu kabisa, akiacha E10 yenye oktani ya kutosha na kuchukua E0 yenye oktani ndogo kwa kuamini ni safi, ameihatarisha injini yake.

Kwa magari ya Japani tunayoyaona katika barabara zetu, kama Subaru Impreza WRX, Nissan Skyline, Toyota Supra na Mitsubishi Lancer Evolution, suala la oktani ni zito zaidi. Nchini kwao yalipimwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kiwango chake cha chini kisheria ni 96 na ambayo makampuni mengi huuza kwa oktani karibu 100. Wakati huo huo, Japani kwa miaka mingi iliruhusu ethanoli isiyozidi asilimia 3. Kwa hiyo gari hilo linadai mambo mawili: oktani ya juu na ethanoli kidogo. Pasipopatikana yote mawili, oktani itangulie, kwa sababu injini inayogonga chini ya shinikizo la tabo huharibika kwa dakika, ilhali mpira wa mafuta huharibika kwa miezi na unaweza kubadilishwa.

Jinsi ya kupima mafuta yako

Kipimo cha ethanoli hakihitaji maabara. Kinahitaji silinda ya kioo yenye alama za mililita, maji safi, na mahali pa wazi pasipo moto, sigara wala jenereta inayonguruma.

Mimina mililita 10 za maji, kisha ongeza mililita 90 za petroli hadi alama ya 100. Ziba, tikisa kwa dakika moja, fungua taratibu kuachia mvuke, kisha acha itulie kwa dakika kumi. Maji yatazama chini. Mstari ukibaki katika alama ya 10, petroli haina ethanoli. Ukipanda hadi karibu 18 au 19, una mchanganyiko wa takriban asilimia 10. Ukikaribia 27 au 28, una takriban asilimia 20. Mafuta hayo ya majaribio yasirudishwe katika tangi, wala yasimwagwe shambani au mtaroni.

Baadhi ya watu, wakiona jinsi maji yanavyoivuta ethanoli, hujaribu kuosha petroli yao kwa maji ili wapate E0 ya nyumbani. Jambo hilo ni la kuepukwa. Petroli inayochanganywa na ethanoli mara nyingi hutoka katika kiwanda cha kusafishia ikiwa na oktani ndogo, kwa kutegemea ethanoli iipandishe. Ukiiondoa ethanoli, unaiondoa na oktani hiyo. Zaidi ya hayo, kushughulika na ndoo za petroli nyumbani kumeunguza nyumba nyingi.

Ushauri kwa mwenye gari

Kabla ya safari, soma kitabu cha gari au kibandiko kilichoko ndani ya mfuniko wa tangi. Uingereza ilipoifanya E10 kuwa petroli ya kawaida mwezi Septemba 2021, iliwaonya hasa wenye magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 2002 na ikabakiza daraja la juu lenye ethanoli isiyozidi asilimia 5 kwa ajili yao. Katika Umoja wa Ulaya, magari mapya yanayouzwa tangu mwaka 2011 yanatakiwa kuimudu E10. Miaka hiyo ni mwongozo mzuri pale kitabu kinapokosekana.

Gari la kisasa lililo chini ya E10 halihitaji hangaiko lolote. Gari la zamani libadilishwe mipira na chujio kwanza. Gari la tabo lililoongezwa nguvu na fundi lipimwe upya kwa mafuta yatakayotumika, na dereva ajiepushe na kukanyaga mafuta hadi mwisho mpaka kazi hiyo ifanyike.

Gari litakalolala zaidi ya mwezi mmoja ndilo linalostahili kutafutiwa petroli isiyo na ethanoli, kama inapatikana. Likikosa, lijazwe tangi hadi juu ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, na liendeshwe kila baada ya wiki chache. Dawa za kuhifadhi mafuta huchelewesha petroli kuchakaa, lakini haziwezi kuyaunganisha tena mafuta yaliyokwisha kujigawa.

Aliyejaza tangi Tanzania kabla ya kuvuka anaweza kufika mbali ndani ya Malawi kwa mafuta aliyoyazoea. Atakapojaza huko, achague kituo chenye wateja wengi, kwa kuwa mafuta yake hayakai. Na akinusa petroli ndani ya gari, hata kidogo, asimame, azime injini, awashushe abiria, kisha afungue boneti na kuangalia mipira kabla ya kuendelea na safari.